Sauti ya Kornelio Shekalaghe Nyumbani Kwake

Ndugu waombolezaji, kwa utaratibu wetu wasifu husomwa na ndugu wa damu, na shemeji yangu Rubeni, mdogo wa marehemu, alikwisha kuandika wake. Ulikuwa mzuri, wenye majina ya tamthilia zote. Nimemwomba aukunje auweke mfukoni, kwa sababu huyo aliyemwandika mnamjua tayari. Huu nimeuandika mimi Marietha, mke wake, na ndio uliochapwa kwenye ratiba mliyoishika.

Marehemu Kornelio Yeremia Shekalaghe alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Mgwashi, Bumbuli, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yeremia na Mama Elizabeti. Wifi yangu Esta, dada yake mkubwa, anasema alianza kuiga watu kabla hajajua kufunga vifungo. Alimwiga mwinjilisti akikohoa kabla ya mahubiri. Alimwiga mnunuzi wa kabichi akilia njaa. Siku moja alijificha nyuma ya nyumba akamwita mama yake kwa sauti ya baba yake, na mama akaacha ugali motoni akaitika, "Abee!" Alichapwa, lakini mama alicheka kwanza.

Alisoma Shule ya Msingi Mgwashi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Lushoto, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1980. Huko aliongoza kikundi cha ngonjera na maigizo. Walimu walimsifu, wenzake walimpenda, na kuhusu wasichana sitaki kuzungumza hapa mbele ya mchungaji.

Mwaka 1984 alikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, akafanya kazi ya ukarani, na jioni akawa anaigiza michezo ya redio. Televisheni ilipoingia, naye akaingia. Aliigiza baba mwenye nyumba mkorofi, hakimu asiyesikia vizuri, na mganga anayeogopa mbwa. Hakuwahi kuwa mhusika mkuu hata mara moja. Alikuwa yule ambaye akitokea mlangoni watu wanaacha kula. Mwaka 2011 studio moja ya jijini ilimchukua kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje, na ndipo akawa yule tajiri wa Kituruki mwenye farasi. Sura ilikuwa ya Mturuki, sauti ilikuwa ya mume wangu. Nchi nzima ikawa inalala na sauti hiyo masikioni. Nasema nchi nzima, ukitoa nyumba moja.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1990 katika kanisa la Kilutheri hapa Lushoto. Nilikuwa natengeneza jamu Irente wakati huo, naye alikuja likizo kununua chupa moja akanunua tatu, ingawa baadaye nilijua hapendi vitu vitamu. Yeye alibaki na kazi yake Dar, mimi nikabaki na watoto na bustani, na kila mwisho wa mwezi alikuja. Alifika na skafu shingoni, tangawizi na asali kwenye mfuko, kuja kupumzisha sauti. "Mke wangu, sauti ndiyo jembe langu," alisema, na baada ya hapo hakusema tena mpaka siku ya kuondoka. Chumvi nilionyeshwa kwa kidole. Akisharudi Dar, kesho yake ninamsikia kwa jirani anamwambia mwanamke mwingine, "Moyo wangu hauna mlango wa pili."

Sokoni wanawake walinisimamisha. "Mama Loyce, umebarikiwa wewe! Ile sauti ndiyo inakuamsha asubuhi?"

"Naamshwa na kikohozi," niliwajibu. Walicheka wakidhani natania.

Mwanamke aliyekuwa akiambiwa maneno hayo ni Bi Salama, msanii mwenzake, aliyemwingizia sauti mpenzi wa yule tajiri. Yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili. Karibu sana, Bi Salama. Kwa miaka mingi walisimama chumba kimoja kidogo, bega kwa bega, mume wangu akimwapia mapenzi asubuhi na mchana. Nilimwuliza marehemu kwa nini mimi sijawahi kuambiwa neno hata moja katika yale. Akaandika kwenye karatasi, maana alikuwa anapumzisha sauti: "Yameandikwa na watu wengine." Nikamwambia, basi na mimi watafute waniandikie. Niliona wivu, ndugu zangu, na wala haukuwa wivu mdogo. Nilimwonea wivu Bi Salama, nikawaonea wivu wanawake wa sokoni, na mwishowe hata yule Mturuki ambaye hajui Lushoto iko wapi.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na koo. Alitibiwa Dar es Salaam, akachomwa mionzi, na Mungu akamwongezea muda, lakini sauti haikurudi. Ilibaki inakwaruza kama ufagio wa chelewa kwenye saruji. Studio ikamuaga kwa heshima zote, na Januari 2024 alirudi nyumbani moja kwa moja.

Hapo ndipo alipoanza kuongea. Hakuwa tena na kitu cha kutunza, kwa hiyo aliongea tangu chai ya asubuhi, Kiswahili kikimshinda anahamia Kishambaa. Aliongea nikipalilia maharage, akiwa amekaa pale kwenye ukingo wa tuta. Aliniambia habari za baba yake, aliniambia alichokuwa anakiogopa, aliniuliza mambo ya mwaka 1991 nikashangaa kumbe aliyaona. Watoto wakipiga simu alinipa mimi niongee, maana aliona haya wakimsikia hivyo. Wageni wakija, anarudia vidole. Mwanzoni niliumia moyoni, nikasema wenzangu wamekula nyama, mimi nimeletewa mchuzi.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, nyumbani. Kabla ya hapo aliniambia neno. Mchungaji ameniuliza ni neno gani, na watoto wameniuliza. Hilo tuliache.

Sasa nieleze la juzi, kwa sababu wengi mlikuwepo na mkaondoka mnanong'ona. Mnajua kwetu msiba hauendi bila watani, na mtani lazima amwigize marehemu ili watu wacheke na huzuni ipungue. Mdogo wangu Janeth, ambaye ni shemeji na mtani wa marehemu, alivaa koti lake na kofia yake. Akamleta baba mwenye nyumba, watu wakacheka. Akamleta hakimu, wakagaragara. Wasanii kutoka Dar nao wakasimama, wakamleta mganga na mbwa wake.

Ndipo wifi Esta akasema, "Hao ni wa kwenye tivii. Sasa mtuletee Kornelio."

Janeth akavua kofia. "Jamani, shemeji alikuwa anaongeaje? Mimi alikuwa ananikonyeza tu."

Rubeni akasema kwenye simu kaka yake alikuwa akimjibu kihakimu siku zote. Esta akasema anamjua wa Mgwashi, kabla sauti haijavunjika. Wakamgeukia Bi Salama. Akasimama, akajaribu, ikatoka ya tajiri. Akajaribu tena, tajiri tena. Akakaa chini analia. "Mnisamehe," alisema. "Kumbe nilimjua huyu tu."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, kwenye msiba wa mume wangu mwenyewe nilifurahi.

Kisha Bi Salama akanisogelea pale kwenye godoro, akanishika mkono. "Dada Marietha, tuonjeshe kidogo. Hata salamu tu, Janeth aige." Wote mkasogea karibu. Mwanangu Brian akanitazama kwa macho ya kuomba. Nilikuwa nayo hapa kooni, yote, pamoja na kule kukwaruza kwake.

Nikasema, "Siijui."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Loyce na Brian, wajukuu watatu, dada yake Esta, mdogo wake Rubeni, na watu wengi sana wanaodhani walimsikia. Tunawashukuru wote waliomtibu, waliokuja kutoka mbali, na waliochimba kaburi.

Apumzike kwa amani baba Loyce. Na mimi juzi niliwadanganya, naijua. Sauti zake nyingine zote chukueni, zimo kwenye televisheni zenu. Hii simpi mtu.