Wifi Yangu, Fundi wa Koridoni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi ambao familia haiwafahamu lakini mmejaa mpaka nje ya uzio: ninayewasomea ni wifi wa marehemu, dada mkubwa wa mume wake. Wanaonijua wanajua kwamba siamini jambo upesi. Wasifu huu niliuandika mwenyewe, nikaupeleka kwa mpiga chapa mwenyewe, na nikasimama pale mpaka nakala ya mwisho ikatoka, kwa sababu kuna waliotaka kuuona kwanza ili wanisaidie kuurekebisha kidogo. Kwa hiyo hata nikikatizwa, maneno mnayo mikononi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpimaji ardhi na mama muuza maziwa. Mama yake alisimulia kwamba alikuwa mtoto mkimya, wa aina ile inayokaa nyuma ya mlango na kusikia yote. Ukimuuliza amesikia nini, anasema alikuwa amelala. Mtoto wa namna hiyo mimi simwamini, lakini wazazi wake walimpenda hivyo hivyo wakamlea vizuri, na tunawashukuru.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari, na mwaka 1990 alihitimu stashahada ya ustawi wa jamii. Alifaulu masomo yote isipokuwa ushonaji. Mwenzake wa dawati, ambaye sasa ni mfamasia, alinisimulia msibani kwamba siku ya mtihani marehemu alishona sketi akaiunganisha na ile aliyokuwa ameivaa, akaenda mbele ya mwalimu akiwa na sketi mbili kiunoni. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba Mungu amempa vipaji vingine.

Alikutana na kaka yangu, ambaye ni fundi bomba, kwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Kaka alikwenda kuziba bomba linalovuja. Kesho yake akarudi kuliangalia. Wiki iliyofuata akarudi tena na viatu vimepakwa rangi. Nikasema kuna namna hapa, maana kaka yangu hana kawaida ya kurudia kazi, hata mwenye nyumba akimlilia. Ndoa yao ilifungwa tarehe 6 Agosti 1994, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Mwaka 1997 marehemu alihamishiwa kituo cha huduma za jamii cha mtaa wetu, akiwa afisa ustawi. Mnakijua kituo chenyewe. Kipo njia panda, na mlango wake mkubwa unatazamana na kinyozi. Kwenye benchi la kinyozi hukaa watu ambao hawanyolewi. Ukiingia kituoni, kabla hujatoka umeshapangiwa shida: huyu amepigwa na mumewe, yule pombe imemshinda, huyu hana unga nyumbani, yule amekwenda kuombea mwanawe kiti cha magurudumu ilhali aliuambia mtaa kwamba mtoto anasoma kwa bibi yake. Huduma zilikuwa za bure na maofisa walikuwa na adabu. Watu wakapita mbele ya mlango huo wakitazama upande wa pili wa barabara.

Wakubwa wa kituo wakasema watu hawana mwamko. Wakabandika mabango, wakapitisha gari la matangazo, wakajenga na mteremko wa viti vya magurudumu pale pale mbele, ukapakwa rangi ya njano ili uonekane vizuri. Ulionekana vizuri mno. Marehemu alikaa ofisini mwake karibu mwaka mzima akisubiri, na waliofika walikuwa wenye kuuliza choo kiko wapi. Aliwaambia wakubwa wake kwamba watu wanajua fika kituo kinatoa nini, ila hawana sababu ya kuingia wanayoweza kuitaja barabarani.

Ndipo akaja kwetu akachukua cherehani ya mama yetu mzazi, bila mimi kuulizwa. Akaiweka kwenye korido, nje ya ofisi yake, akatundika pazia, na kwenye mlango wa nyuma, upande wa kichochoro, akaweka kibao: fundi nguo, viraka, vifungo na zipu, karibuni wote. Wakubwa walinuna. Afisa mwenye stashahada anashona vifungo mchana kweupe, saa za kazi? Akawajibu kwamba anashona mikono ikiwa haina kazi, na hilo halikuwa uongo. Kichochoro kilikuwa na ngazi. Akawaandama mafundi waashi kwamba cherehani ni nzito, haiwezi kubebwa kila siku, lazima isukumwe. Ngazi zikaondolewa, sakafu ikasawazishwa. Cherehani haijawahi kusukumwa pale hata mara moja. Viti vya magurudumu ndivyo vilivyopita, mwenye kiti akiwa ameweka mapajani suruali ya kupunguzwa.

Sasa nifike mahali ambapo machale yalinicheza. Marehemu hakujua kushona. Nasema hivi mbele ya jeneza lake, na yeye mwenyewe asingenikatalia. Alimshonea kaka yangu shati, mkono wa kushoto ukawa mrefu kuliko wa kulia, na kaka akalivaa kanisani kwa sababu ya mapenzi. Mapindo yake yalipanda na kushuka. Zipu zake zilifunguka zenyewe. Pamoja na hayo, kila nilipopita kichochoroni kulikuwa na foleni, na wengi ni wanaume, kila mmoja na shati lake kwapani. Mtaa una mafundi wazuri wawili. Kwa nini watu wazima na akili zao wampelekee nguo fundi anayeziharibu? Nikasema si bure.

Sikumwambia kaka, maana kaka ana hasira. Nilichukua gauni langu, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido, nikajitia hamnazo na kuanza kutazama. Jambo la kwanza niliona nguo zile hazikuchakaa. Nguo ikichoka hutoboka kwenye kiwiko au kwenye makalio. Hizi zilikuwa zimekatwa kwa wembe, safi, mahali ambapo nguo haichaniki. Jambo la pili, kila mtu alikuwa akiitwa nyuma ya pazia kwenda kupimwa. Alikuwepo bwana mmoja, simtaji na msigeuke kumtafuta, aliyekuja na kifungo kimoja cha shati. Kifungo hakipimwi. Bwana yule alikaa nyuma ya pazia mpaka benchi likaanza kupiga miayo, na alipotoka alikuwa akifuta macho. Akafuata dada mmoja kiziwi, na kutoka pale nilipokaa niliona kivuli cha mikono ya wifi yangu kwenye pazia, ikizungumza naye kwa alama. Nilikuwa nimekaa naye meza moja miaka minne bila kujua kwamba anaijua lugha hiyo.

Zamu yangu ikafika. Niliingia nikiwa nimeshapanga maneno makali ya kumwambia. Alilipokea gauni, akaligeuza, akaona pale nilipolikata, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelikata kwa wembe. Akaliweka pembeni.

"Wifi," akaniuliza, "umekuja na nini?"

"Si unaliona gauni?"

"Gauni nimeliona. Wewe umekuja na nini?"

Nilichomjibu hakimo katika programu hii wala hakitakuwemo. Nitasema tu kwamba nilikwenda pale kumfumania mtu, na niliporudi nyumbani jioni nilikuwa nimepumua kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Hakumwambia mtu, hata mume wake. Kaka yangu amesikia leo, pamoja na nyinyi, na hapo anasikia nusu tu.

Tangu siku hiyo nilielewa kazi yake, ingawa sikuacha kumchunguza. Niligundua kwamba nguo ya mtu ambaye shida yake haijaisha hakuimaliza. Aliacha kipande cha pindo kikining'inia, ili mwenye nguo awe na la kusema akitaka kurudi. Waliolala kitandani aliwafuata nyumbani akiwa na futi ya kupimia shingoni, na majirani wakaona fundi anaingia, basi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kila mwezi alileta koti lile lile, na kila mwezi akaondoka na unga ndani yake. Watu wa benchi la kinyozi walibaki wakibishana kwa nini mtaa huu una nguo mbovu kiasi hiki. Na baadhi yao, nawaona hapa, walikwisha kupita kichochoroni.

Mwaka 2021 kituo kilipata mkuu mpya, ambaye leo amekaa safu ya mbele, na tunamkaribisha. Mkuu ana ramani ya jengo jipya. Lina vioo mbele. Lina madirisha yenye majina juu yake, dirisha la ukatili wa nyumbani, dirisha la ulevi, dirisha la ulemavu, dirisha la msaada wa chakula, na kipaza sauti cha kuita watu kwa zamu. Anasema hivyo huduma zitamfikia kila mtu kwa usawa, bila kupotezana kwenye korido. Huenda nia yake ni njema, mimi moyoni mwake sijaingia. Marehemu alibishana naye kwa heshima kwa miaka miwili. Siku moja alimwomba jambo dogo tu: mkuu mwenyewe avuke barabara kutoka kwa kinyozi, mchana, akasimame kwenye mlango mkubwa chini ya karatasi iliyoandikwa dirisha la ulevi, kwa muda wa kunywa chai. Mkuu alisema ana kikao.

Ugonjwa wake ulianza kuonekana mwanzoni mwa mwaka 2023. Alipungua. Alisema ni vidonda vya tumbo. Nilimwambia vidonda vya tumbo havimfanyi mtu ashikilie ukuta akienda jikoni, akacheka, akasema wifi yangu ungekuwa askari. Ilikuwa saratani ya kongosho, na alikuwa ameshaijua miezi kadhaa. Hilo lilinikasirisha na linanikasirisha hadi leo. Mtu aliyewapa watu wote mahali pa kusemea alikaa na la kwake peke yake, na mimi niliyejifanya mjuzi wa kunusa mambo nilipitwa na hilo lililokuwa mezani kwetu. Nilimpenda. Sikumwambia mara nyingi.

Alilazwa mwezi Julai. Wodini muuguzi alituuliza kwa nini wageni wa mgonjwa huyu wote wanakuja na nguo zilizochanika, na kama ni desturi ya kwetu. Tukasema ndiyo. Alishona akiwa kitandani mpaka vidole vikakataa, kisha akawa anashika tu nguo mkononi na kumsikiliza mwenye nguo. Aliaga dunia tarehe 12 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mume wake na watoto wake wakiwa kando yake.

Siku ya pili ya msiba mkuu wa kituo alikuja kutupa pole, na alikuwa na maombi mawili. La kwanza, cherehani ikakae ndani ya kabati la kioo kwenye jengo jipya, pamoja na picha ya marehemu na maelezo ya mchango wake. La pili, leo hapa kaburini, waliosaidiwa na marehemu wasimame mmoja mmoja watoe ushuhuda, na mpiga picha awepo, ili wafadhili waone. Alilisema hilo kwa sauti nzuri sana. Kaka yangu, ambaye hana maneno mengi, alimuuliza kama ameshakunywa chai.

Familia inajibu maombi hayo sasa. Cherehani haiendi kwenye kioo. Ipo mahali ambapo mimi na kaka tu tunapajua, maana tangu juzi wamekuja watu watatu kuiulizia. Jumatatu asubuhi itakuwa kwenye korido, kwenye nafasi yake, na atakayeikalia ni afisa mwenzake wa marehemu, kijana mwenye shahada, ambaye tumemjaribu tukaridhika kwamba kushona hajui kabisa. Mlango wa kichochoro ukiwa umefungwa, mtatukuta tumekaa mbele, kwenye mlango mkubwa, mimi na gauni langu mkononi, na mkuu atatueleza sababu mbele ya kinyozi.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana anayesomea ufundi umeme, mjukuu mmoja, mama mzazi, ndugu wanne, na wifi mmoja.

Lililobaki ni la ushuhuda. Baada ya mimi kushuka, mshereheshaji anaweza kutangaza kwamba waliosaidiwa wasimame. Nawaomba mkae. Ninyi mliojaa mpaka nje ya uzio, kama kuna anayewatazama na kujiuliza huyu naye alikuwa na shida gani, familia inatamka rasmi, na imechapishwa: kila mtu aliyefika hapa leo amekuja kumzika fundi wake wa nguo. Hakuna aliyekuja kwa sababu nyingine. Mtu akiwauliza njiani, mjibuni hivyo, na akibisha, mleteni kwangu.

Wewe wifi, siri za watu nenda nazo. Upumzike kwa amani.