Nati Tano Zilizogoma Kiranjeranje

Kijiwe chetu pale Kiranjeranje kilikuwa gogo la mvule lililolazwa mbele ya kibaraza changu cha kushonea, hatua thelathini kutoka banda la mashine ya unga. Wenye gogo tulikuwa wanne. Mimi Salumu, fundi cherehani. Likwata, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakukosa habari, za kweli na za kuunga. Fakihi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, aliyechuuza papa wakavu miaka mingi mpaka jina la Ng'onda likamganda. Na Mfaume Spana, mwendesha mashine ya kijiji, aliyeokota ufundi wake kwenye shamba la mkonge. Kila siku baada ya sala ya alasiri Abilahi muuza kahawa alitua dele lake, akagonga vikombe, maneno yakaanza. Mwaka huo wa sabini na tano, kwa siku tisa mfululizo, tulikuwa na neno moja tu: mafuta gani yatalegeza nati za injini.

Injini ilikuwa imelala tangu masika ya mwaka uliopita kwa kukosa gasketi. Paa la banda lilivuja, kutu ikajifanya mwenyeji. Gasketi ilipopatikana, Mfaume alikwenda kufungua kichwa cha injini huku kijiji kizima kinamtazama. Nati zilikuwa sita. Ya kwanza ilikataa. Akachomeka bomba kwenye mkia wa spana, akajitundika kwa uzito wake wote. Tukasikia tak! Bolti ikakatika kama muhogo mkavu, na Mfaume akaanguka chali mbele ya watoto na wakwe.

Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Alikuja kijiweni, akanywa kahawa yake, akatazama viganja vyake. Nyumbani mkewe Kazija alitwanga kwa bega bovu, na wanawake wenye nguvu walijitwisha mahindi mwendo wa saa tatu kwenda kusaga kijiji cha pili. Mfaume aliyajua yote hayo. Ndiyo maana alikuwa kimya.

Jumatatu ya wiki ya pili Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, alipita kijiweni. Hakukaa.

— Ndugu zangu, Jumamosi lori la wilaya linakuja. Injini isipounguruma, wanaipakia. Kuna kijiji kinaiomba.

— Injini yetu? — niliuliza.

— Yetu ikisaga, Salumu. Isiposaga ni chuma tu.

Alipoondoka, Ng'onda alifuta mdomo.

— Mimi nimesema tangu siku ya kwanza. Mafuta ya papa. Kule Kivinje tunapaka vyombo vya bahari, maji hayaingii.

— Sasa wewe, — alisema Redio, — kama hayaingizi maji, yataingiaje yenyewe kwenye nati?

— Harufu yake umeisikia? Inapita kwenye ukuta. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi haya yatajitembeza mpaka ndani.

— Mafuta ya cherehani, — nilisema mimi. — Mepesi, safi. Tone moja linazunguka mashine nzima.

— Chupa yako ina ujazo wa kisoda, — alisema Redio. — Unataka kuilegeza injini au kuipaka wanja?

Abilahi alicheka, akamwongezea Mfaume kahawa. Mfaume hakucheka.

— Sikilizeni, — aliendelea Redio. — Dawa ya moto ni moto. Kutu imeletwa na nini? Chumvi ya bahari. Basi tuzichemshie maji ya chumvi.

— Na aliyelewa utampa pombe? — aliuliza Ng'onda.

— Ndiyo dawa ya asubuhi, wanajua wenyewe.

Jumanne Redio alikuja mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kiganjani.

— Pole, ndugu. Nyoka? — nilimuuliza.

— Utafiti.

— Utafiti gani?

— Maganda ya korosho. Usiku nililala nikawaza: mafuta yale yanachubua ngozi ya mtu. Yanayochubua ngozi yatashindwaje kuchubua kutu? Nikayachoma, nikakinga mafuta.

— Ukazipaka nati?

— Nilijimwagia kabla sijatoka nyumbani.

— Yako wapi yaliyobaki?

— Mke wangu kayatupa chooni. Pamoja na sufuria.

Ng'onda alitikisa kichwa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu yupi? Wewe na papa wako? — alidakia Redio.

— Tatizo si mafuta, — aliendelea, akiwa sasa amepandisha sauti ya taarifa ya habari. — Nati hizi ziliundwa ng'ambo. Bepari anajua tukishajitegemea hatumnunulii kitu. Basi anazifunga kwa siri. Kila nati ina siku yake ya kugoma. Zimepangwa.

— Zimepangwa zigome Kiranjeranje? — niliuliza.

— Zimeanzia hapa.

Abilahi alituambia dele limekwisha. Tukaondoka kila mtu na mafuta yake kichwani. Nilipogeuka nilimwona Mfaume amesimama mlangoni mwa banda la mashine, mkono juu ya mwimo wa mlango. Kisha akaenda zake nyumbani bila kuingia.

Jumatano mjadala ulichacha. Ng'onda alikuwa ameahidiwa debe la mafuta ya papa kutoka Kivinje, lakini lori la kulileta halikuwa na siku maalumu. Redio aliachana na korosho, akahamia mkojo wa punda. Mimi nilitetea mafuta yangu ya cherehani kwa moyo wote, na nikiri hapa kwamba kichupa chenyewe sikukileta, kwa kuhofia kuishiwa.

Ndipo akaja mama mmoja kijana, beseni la mahindi kichwani. Tulimjua kwa sura tu. Alikuwa Romana, mke wa mwalimu Ambrosi, waliohamia wiki ile kutoka Mtama.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu.

— Naambiwa mashine ya kusaga ndiyo hii.

— Ndiyo hii, — alisema Ng'onda, — lakini mgonjwa. Nati zimeshika kutu. Hapa tulipo ni kikao cha mafuta ya kuzilegezea.

Romana alitua beseni, akaenda mlangoni mwa banda, akachungulia. Akainama, akatazama zaidi. Aliporudi alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu aliyetafuta kitu asikione.

— Samahanini, wazee wangu. Mmezipaka nini, na tangu lini?

Redio alikifunga upya kitambaa chake. Mimi nilimtazama Ng'onda, Ng'onda akatazama kikombe chake. Abilahi aliyekuwa anagonga vikombe aliacha kugonga.

Siku tisa tulikuwa tumekaa hatua thelathini kutoka kwenye nati zile. Hakuna hata mmoja wetu aliyezidondoshea tone la kitu chochote.

— Mimi nilikuwa naogopa, — alisema Mfaume.

Tuligeuka sote. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kijiweni tangu bolti ilipokatika.

— Nikizigusa nitakata nyingine. Nikikata nyingine basi tena, mashine imekwisha. Nikasema ngoja wakubaliane mafuta. Wakikubaliana, nitajaribu.

— Hatukubaliani sisi, — alisema Ng'onda taratibu. — Tulikuwa tunazungumza tu, bwana.

Romana alikaa kwenye ncha ya gogo, kwa adabu, miguu pamoja.

— Baba yangu alikuwa kwenye genge la kung'oa reli ile ya Nachingwea, baada ya njia kufungwa. Nati za reli, zimekaa mvuani miaka. Nilikuwa nampelekea chakula, nikikaa naangalia. Walikuwa hawana mafuta ya maajabu. Mafuta ya taa na oili kidogo ya injini, wanachanganya kwenye kopo. Wanapaka. Wanagonga nati kwa nyundo ndogo, pole pole, ti, ti, ti, pande zote. Wanaziacha wanaenda zingine. Jioni wanapaka tena. Kesho tena.

— Siku ngapi? — aliuliza Mfaume.

— Mbili. Nyingine tatu. Halafu kabla ya kufungua, wanaikaza kwanza.

— Wanaikaza?

— Kidogo tu, kama unywele. Ili kutu ipasuke. Wakiona imecheza ndiyo wanaifungua. Ikikataa wanairudisha, wanapaka tena.

Mfaume aliweka kikombe chini. Kilikuwa bado kimejaa. Akainuka, akaenda kwa Abilahi, akamwomba mafuta ya taa ya jiko lake. Abilahi alimmiminia nusu ya chupa, na kahawa ya siku ile ikapoa.

Jioni ile na kesho yake yote tulimsikia bandani. Ti, ti, ti. Ananyamaza. Ti, ti, ti. Kijiweni hatukuwa na la kubishania. Redio alijaribu habari za vita vya mbali, hazikushika. Alhamisi jioni nilichukua kile kichupa changu cha mafuta ya cherehani nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akamalizia chote.

Ijumaa baada ya sala watu walianza kujikusanya bandani. Mfaume aliwaomba watoke. Akatubakiza sisi wa kijiweni, na Romana, na Kazija aliyesimama kando ameshika bega lake. Aliivisha nati ya kwanza spana. Akaiachia spana kabla hajakaza.

— Binti, shika wewe, — alimwambia Romana.

— Mimi niliangalia tu, baba. Sijawahi kushika.

Kazija alisogea. Aliweka kiganja chake mgongoni kwa mumewe, akakiacha hapo.

Mfaume alikaza. Unywele. Nati ikalia krii, sauti nyembamba kama ya mlango wa kabati. Alisita. Akageuza upande wa kufungua, bila bomba, kwa nguvu ya mkono peke yake. Nati ikatembea.

Aliacha spana ikining'inia pale pale, akakaa chini kwenye vumbi na kupumua. Ng'onda alisema Alhamdulillahi.

Tatu zilifunguka mchana ule. Ya nne ilitaka mafuta tena na saa mbili za kungoja. Ya tano ilimtoa jasho, akaikaza, akailegeza, akaikaza, hadi ikasalimu amri kabla ya magharibi. Kichwa cha injini kilipoinuliwa, kile kipande cha bolti iliyokatika kilibaki kimechomoza kiasi cha kidole. Akakishika kwa spana ya kubania mabomba, nacho kikatoka. Bolti ya badala tuliivua kwenye trekta la kijiji lililokufa nyuma ya ghala.

Lori lilifika Jumamosi saa sita mchana. Ndani alikuwamo afisa mwenye miwani na wapakiaji wanne. Mfaume alikuwa anamalizia kufunga. Tulikuwa tumeshapatana usiku uliotangulia, mwenyekiti na sisi, kwamba bolti iliyokatika tuseme ni kutu, tumkinge Mfaume.

Mfaume alizungusha mkono wa injini mara tatu. Ikakohoa. Mara ya nne ikatoa moshi mweusi, ikakohoa tena, kisha ikashika. Banda zima likatetemeka. Nje wanawake walipiga vigelegele, na mimi ninayeandika haya nilijikuta nimeshika mkono wa Redio, ule wa kitambaa, hadi akalia.

Afisa alizunguka injini, akainama penye ile bolti ya trekta.

— Hii si yake. Iliyokuwapo imekwenda wapi?

Kibwana alikohoa.

— Ni kutu, afande. Unajua tena pwani...

— Niliikata mimi, — alisema Mfaume.

Tulimtazama. Ilibidi apaze sauti kuushinda mngurumo.

— Nilitumia nguvu. Nikaikata, nikaogopa, nikaiacha siku tisa. Kosa ni langu. Hizi tano nilizifungua kwa mafuta ya taa.

Afisa alivua miwani, akaifuta vumbi la unga wa zamani lililokuwa linaruka kutoka kwenye mikanda. Akasikiliza injini kwa muda.

— Unaitwa nani?

— Mfaume.

— Mfaume, utakapoizima leo, zipake nati oili kabla hujalala.

— Nitazipaka.

Akawaita wapakiaji wake, wakapanda lori likiwa tupu. Lilipogeuza kuelekea barabara kuu, Kazija alikuwa ameshachota mahindi yake kwenye ungo. Wanawake waliokuwa mbele yake kwenye foleni walisogea kando, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Akapita, akainua ungo kwa mkono wake mzima, akamimina mashineni.