Sahihi ya Fundi Rangi

Benchi lilikuwa mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja umefungwa waya. Asubuhi ile Fundi Rangi alifika na fomu ya hospitali mfukoni, siku ya tatu sasa. Kaka yake alianguka kutoka kwenye ngazi wakipaka nyumba rangi, na tangu hapo mwili haumtii wala ulimi. Yamebaki macho: akipepesa mara moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Madaktari walitaka kumpandikiza kidude kwenye ubongo, ili akiwaza neno, kompyuta iliandike. Mkewe alishatia sahihi, ikabaki ya ndugu wa damu. Kijiwe kizima kilijua ngazi iliteleza, maana Fundi ndiye aliyesema hivyo. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeishikilia, akaiachia ili apokee simu. Kwa kupepesa, kaka hujibu alichoulizwa tu, na hilo hakuna aliyemwuliza.

Sheria ya pale ilikuwa moja: mwenye jambo husema mwisho. Siku hiyo Fundi aliipenda sana. Alikumbatia kikombe chake cha kahawa, akawaacha wenzake waendelee.

— Mimi ningekuwa wewe sitii sahihi ng'o! alisema Kinyozi, akikung'uta shuka la kunyolea. Wahenga walisema akili ni nywele. Sasa wakimnyoa ili wamtoboe, atabaki na nini?

— Wewe unatetea biashara yako tu, alisema Redio, muuza magazeti ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Shida ni chaji. Umeme ukikatika wazo liko nusu, nusu iliyobaki unaipeleka wapi?

— Chaji kitu gani bwana! alisema Profesa, aliyeacha shule darasa la sita na hajaacha kufundisha tangu siku hiyo. Tazameni miaka ishirini mbele. Sote tutawekewa. Bosi atafungua kompyuta yake, aone unamwaza kama mbuzi, kazi huna. Mwizi naye hatavunja mlango. Atajilaza zake kwake, aingie kichwani mwako, achukue namba ya siri.

— Na matangazo je? Redio alidakia. Unaota uko na marehemu mama, mara katikati linaingia tangazo la sabuni!

— Marehemu gani? Hakuna atakayekufa tena! Kinyozi alipaza sauti. Mawazo yatabaki humo kwenye kompyuta. Mjomba tumemzika juzi, kesho ananitumia ujumbe: nani kavaa koti langu?

— Ndiyo maana wakasema, mzika pembe ndiye mzua pembe, Profesa alihitimisha.

Walicheka mpaka benchi likalia. Methali haikuhusiana na chochote, lakini ilimchoma Fundi. Alikuwa na hofu, tena hofu ya aibu. Alishapanga moyoni kwamba wakikataa, atakwenda kusema wazee wa kijiwe ndio waliomshauri asitie sahihi.

Ndipo shemeji yake, mke wa kaka, akatokea na kikapu cha nguo za mgonjwa. Hakuwahi kukanyaga pale.

— Habari za hapa, shemeji zangu.

— Njema kabisa, shemeji. Tuko kwenye suala la mumeo, alisema Profesa.

— Basi nisaidieni. Usiku kucha najiuliza peke yangu, nacheka kama chizi. Akishawekewa hicho kidude, neno la kwanza atakaloandika litakuwa lipi?

Profesa aliinama kukaza waya wa mguu wa benchi. Redio akajificha nyuma ya gazeti. Kinyozi akalikung'uta tena shuka ambalo halikuwa na unywele hata mmoja. Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, bado anatabasamu.

Fundi alitoa fomu, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi. Jina lilipanda mlima. Akamkabidhi.

— Mungu akubariki, shemeji yangu, alisema mwanamke, akaikunja vizuri na kuitia kikapuni. Ngoja niiwahishe.

— Kaa kidogo, alisema Fundi, akisogea kumpa nafasi. Kabla hajaandika yeye, nikwambie mimi.