Maisha ya Felisiani Ndayisaba na Lami ya Mlima wa Titye

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu zetu Waislamu mliokuja kutushika mkono, na ninyi nyote mliosimama kwenye matope haya, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Nickson, mdogo wake marehemu wa kufuatana naye, elimu yangu ni darasa la saba na mafundisho ya ukatekista, kwa hiyo nikikwama kwenye kusoma mnivumilie. Historia hii ukoo uliisoma jana jioni na kuipitisha, lakini leo asubuhi nimeongeza ukurasa ambao ukoo haujauona, na ninawaomba radhi wazee wangu kabla sijaanza, kwa sababu ile ya jana iliandikwa vizuri ila ilikuwa na uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu.

Marehemu Felisiani Moses Ndayisaba alizaliwa tarehe 2 Juni 1971 hapa hapa Titye, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Moses Ndayisaba na mama yetu Aneth, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 na kumaliza la saba mwaka 1985, na mwaka ule walichaguliwa wawili tu kuendelea na sekondari, yeye akawa wa tatu, basi akarudi shambani kwenye maharage na migomba kama sisi wengine.

Mwaka 1994, wakimbizi walipokuwa wanaingia kwa wingi, alikwenda Kibondo kutafuta kibarua, akakipata kwa mkandarasi wa barabara, kazi ya kusukuma toroli la kokoto, na huko huko akaanza kuijua lami, mpaka akawa anaweza kutazama moshi wake tu akasema hii bado au hii imeungua. Mwaka 2001 alipelekwa Mbeya kwa mafunzo ya miezi tisa, akarudi na cheti ambacho mama alikitundika ukutani jirani na picha ya Bikira Maria, na kuanzia tarehe 1 Julai 2003 alifanya kazi kwa mkataba na ofisi ya barabara akiwa msimamizi wa vibarua, Nyakitonto, Munanila na kwingineko, na katika miaka yote hiyo hakuna kibarua aliyetukanwa naye, isipokuwa mimi, alinitukana mara mbili na nilistahili.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 18 Oktoba 1997 na shemeji yetu Josepha, binti wa Kibondo, aliyekuwa anawauzia vibarua uji pale kambi ya ujenzi, na kaka mwenyewe alikuwa anasema kwamba uji ule ulikuwa mwepesi kama maji ya kunawa lakini aliunywa miezi minane bila kulalamika. Mungu aliwajalia watoto watatu, Marcel, Raymond na Aneth aliyepewa jina la bibi yake, pamoja na wajukuu wawili.

Sasa nafika kwenye kazi yake ya mwisho, ambayo ndiyo mnayoijua zaidi. Mwaka 2022 alikwenda kwenye semina, akarudi na habari kwamba nailoni zinazotupwa zinaweza kuingizwa kwenye lami, barabara ikadumu na mitaro ikasafishika, na wengi mlimcheka, mkamwita Baba Rambo, yaani baba wa mifuko ya nailoni, na kuna mzee mmoja hapa, simtaji, alimwambia, "Baba Rambo, na sufuria zangu zilizotoboka zichukue, huenda zikapikwa zikawa daraja." Yeye alicheka pamoja nanyi, kisha akaendelea kuokota. Ofisi ilimkubalia kujaribu mita mia tatu tu, kwenye mlima wetu wa kuingia Titye, ambapo kila masika magari yalikuwa yanakwama, na wote mliotoka Kasulu leo mmepita juu yake.

Kazi ilianza tarehe 7 Agosti 2023. Akina mama waliokuja kwa kibali kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakiongozwa na mama Immaculée, walikuwa wanaosha plastiki kwenye mapipa yaliyopasuliwa katikati, na hapo ndipo palikuwa na siri yote ya kazi, maana nailoni laini na vifuniko vinaelea, ila chupa za maji ukizikatakata zinazama. Kinachoelea kilianikwa, kikakatwa chengachenga, kikamwagwa juu ya kokoto za moto, kikayeyuka na kuzivaa kama mafuta yanavyovaa mahindi kwenye kikaango, ndipo lami ikafuata. Chupa haiyeyuki kwa moto ule, inabaki kipande, na gari likipita juu yake kipande kinachomoka, maji yanaingia. Kaka alitufundisha hayo siku ya kwanza, akayarudia kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mapipa.

Tulipofika mita mia moja na themanini, kifua kikambana, akalazwa Kasulu siku nne, kuanzia tarehe 11 hadi 14 Septemba, akaniachia kazi mimi kwa neno moja, "Nickson, kinachozama usikitie." Nailoni zilikuwa zimepungua, wageni wa kukagua walikuwa wanakuja Ijumaa, na ndugu zangu, sitasema shetani alinipitia, nilitaka tu kaka akirudi akute nimemaliza, aone na mimi naweza. Nilikatakata magunia kumi na moja ya chupa, nikayatia bila kuyapitisha kwenye maji. Mama Immaculée aliniona, akaniambia, "Papa Nickson, ile inazama, uko unatia nini mule?" nami nikamjibu mbele ya wenzake, "Mama, wewe umekuja kuosha, osha." Akarudi kuosha. Mita mia moja na ishirini za juu zikamalizika Alhamisi, zikang'aa, wageni wakapiga picha, na kaka aliporudi alinishika bega mbele ya watu.

Mvua za Novemba zilifumua kipande changu chote, mkaanza kukwepa mashimo na kumsema kaka. Mwezi Februari 2024 alikuja injinia, Bi Rabia, mtu wa Tanga, mpole, akatuweka mbele yake sote wawili akaniuliza, "Plastiki yote ilipita kwenye maji?" na mimi niliyefundisha watoto wenu Amri Kumi za Mungu nikasema, "Yote, mama injinia." Kaka alinitazama, halafu akasema, "Kama kuna kosa, ni la msimamizi," akatia saini. Ikaandikwa kwamba mchanganyiko haufai, na mkataba wake haukuendelezwa. Naomba Bi Rabia asilaumiwe na mtu, aliandika alichokiona na alichoambiwa.

Tangu hapo kila Jumamosi mlimwona mlimani na jembe na ndoo ya changarawe akiziba mashimo, kwenye mvua, na kifua kile. Mlidhani anasafisha jina lake. Mimi nilikuwa najua kwamba ndani ya yale mashimo vipande vya chupa vinaonekana wazi, na mtu aliyeijua lami kwa moshi hawezi kukosa kuviona, lakini nilijiambia labda hajaviona.

Mwaka jana mwishoni madaktari walituambia mapafu yamechoka. Tarehe 20 Februari 2025 alizidiwa, tukampakia kwenye gari la jirani yetu Nurudini, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, na gari lilipoanza kushuka mlima likawa linarushwa kwenye mashimo, Nurudini anamwomba radhi kila shimo, na kaka akafungua macho akasema, "Nickson, hapa ni pako." Hakusema kwa hasira. Nilitazama nje dirishani mpaka tulipofika mita zake, gari likatulia, akafumba macho.

Alilazwa siku kumi na tisa, na mimi nilikaa kitandani pake nyingi ya siku hizo, nikimlisha uji, kila siku nikisema moyoni nitamwambia kesho. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, nilipokuwa nimetoka kwenda kuosha kikombe. Kwa nini alininyamazia mwaka mzima sijui, na hakuna tena wa kumwuliza. Nimeungama kwa padre, lakini padre hakuwa ameitwa Baba Rambo.

Jana, tulipokwenda kuchukua mwili, nilipitia ofisini nikaeleza yote haya. Injinia mpya alinisikiliza kwa heshima, akanipa pole, akasema uamuzi ulishapita na mvua zikikatika greda litang'oa mita zote mia tatu, za kwake na za kwangu, liweke changarawe. Nilimwomba abakize zile za chini. Akasema hana uwezo huo, na mimi ndiyo sina kabisa. Kwa hiyo mnaorudi Kasulu leo, nawaomba mteremke ule mlima kwa miguu, mkifika mita mia moja na themanini za chini mtaona wenyewe jinsi maji yanavyoteleza juu yake bila kupata pa kuingia. Ndiyo kazi ya marehemu. Muione ingali ipo.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mchana na usiku, jirani yetu Nurudini na gari lake, vibarua wenzake waliochimba kaburi kwenye mvua, majirani mliopika na kuteka maji, na Bi Rabia aliyetuma salamu za rambirambi kutoka Tanga, ambaye bado hajui niliyoyasema hapa. Mama Immaculée amekosa kibali cha kutoka kambini, atakayemwona amwambie alikuwa sahihi, na kwamba ninamwomba msamaha. Shemeji Josepha, na ninyi wanangu watatu, mtanifanyia mtakavyoona.

Kaka Felisiani, kwenye gari sikukujibu. Ndiyo, pale ni pangu. Pumzika sasa, kwa amani ambayo mimi nilishindwa kukupa.