Agoritsa Vergou na Upande wa Pili wa Mstari

Marehemu Agoritsa Vergou, tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 20 Januari 2023, alizaliwa tarehe 12 Novemba 1946 hapa hapa kijijini Ano Lakka, mtoto wa tatu kati ya watano wa Athanasios na Velika Gogas. Mavuno ya zabibu yalikuwa yamekwisha wiki tatu kabla, na baba yake alipenda kusema kwamba binti huyu alijua kuchagua siku ya kuja.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1952 hadi 1958. Alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu nzuri, lakini nyumba ile haikuwa na uwezo wa kusomesha watoto watano, wakaendelea wavulana. Alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mjini Naousa kwa miaka miwili. Hakuwahi kumlaumu baba yake mbele za watu.

Mwezi Machi 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi, chini mjini, akafanya kazi huko miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kukagua nyuzi. Alizoea kukigeuza kila kitu mara mbili kabla ya kukipitisha, na tabia hiyo ilimfuata hadi shambani. Alikata kishada, akakigeuza, akatoa punje mbovu, akakigeuza tena, ndipo akakiweka kwenye kreti. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote kijijini, na alikuwa wa mwisho kumaliza kila mwaka.

Tarehe 7 Februari 1971, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na Stergios Vergos katika kanisa hili, akaitwa Vergou kama wanavyoitwa wake wa ukoo huo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nikitas na Velika. Ilikuwa ndoa ya uaminifu kwa pande zote mbili, na nalisema hilo mapema ili lisibaki na shaka, kwa sababu sasa lazima niseme habari za wivu.

Najua wapo watakaoona si mahali pake. Lakini marehemu aliniita mwezi Desemba, mimi mtoto wa dada yake, akaniambia: "Wewe ndiye utakayeandika. Usinifanye mtakatifu, watu watacheka kanisani." Wivu ni dhambi, na hatumfanyii aliyekufa hisani kwa kumfichia dhambi ambayo kijiji kizima kiliijua.

Sote tunajua tunavyovuna. Mstari mmoja wa mizabibu, watu wawili, huyu upande huu na huyu upande ule, uso kwa uso kati ya majani. Wawili hao lazima wawe na mwendo mmoja, la sivyo mwepesi anasimama bure na mzito anatokwa jasho. Stergios alikuwa na mikono myepesi. Aliyelingana naye alikuwa jirani yetu Malamati Dafka, aliyefiwa na mumewe mwaka 1974. Basi mzee Nikitas, baba mkwe, aliwapanga mstari mmoja, naye Agoritsa akapangwa na mama mkwe, mstari wa pili.

Kutoka mstari wa pili mtu haoni kitu. Anaona mabuti mawili chini ya majani, na mabuti mengine mawili yakiyaelekea. Anasikia sauti, hasikii maneno. Marehemu alihesabu vicheko. Jioni moja, mumewe akivua viatu, alimwambia: "Leo mmecheka mara kumi na moja." Stergios akajibu, "Sikumbuki hata mara moja." Jibu hilo lilimuuma kuliko kama angekubali.

Mwezi Oktoba 1979 alimkabili baba mkwe asubuhi, watu wakiwa wameshika mikasi.

"Baba, leo nasimama na mume wangu."

"Mwanangu, mwendo wako na wake haulingani."

"Kanisani ulilingana."

Watu wakacheka, mzee naye akampisha. Malamati akahamia mstari wa pili.

Agoritsa alianza vizuri, lakini kufikia mzabibu wa tatu Stergios alikuwa amekwisha kumwacha. Akasimama kumngoja. Akangoja tena. Kwa mtu mwenye wivu, kungojwa ni aibu kubwa. Ndipo marehemu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaacha kugeuza. Akawa anakata chochote kilicho mbele ya mkono, pamoja na vile vishada vya juu vilivyochelewa kuota tunavyoviita kengele, ambavyo kwa nje vina rangi na ndani ni uchachu mtupu.

Malamati aliinama, akaziona kwenye kreti chini ya majani. "Agoritsa, shoga, kengele hizo ziache juu."

"Shughulika na mstari wako."

"Nakwambia kwa wema."

"Wema wako naujua, una meno meupe."

Akazikata zote, na kwa makusudi akarudi kukata na zile alizokuwa amezipita. Siku tatu mfululizo. Stergios aliona, akanyamaza, na hapo naye hakutenda haki.

Siku ya Mtakatifu Trifon, tarehe 1 Februari 1980, padre alipokwisha kubariki mizabibu, mzee Nikitas alifungua pipa la mvinyo mpya mbele ya majirani. Akaonja. Akafumba jicho moja.

"Nani amekamua ndimu humu?"

Agoritsa akachukua bilauri, akaimaliza yote akiwa amesimama. "Ni mkali kidogo tu, baba. Unafaa kwa nyama ya nguruwe."

"Hata nguruwe mwenyewe angeukataa," mtu akasema nyuma, na sitamtaja kwa kuwa yumo humu ndani.

Mwaka ule mzima alikunywa mvinyo ule mezani kila siku, na mbele yake hakuna aliyethubutu kukunja uso. Hakumwomba mtu msamaha. Lakini mavuno yaliyofuata alirudi mwenyewe mstari wa pili, na Malamati akarudi mahali pake. Wivu haukurudi nyuma hata hatua moja. Kwa miaka arobaini na miwili alimsalimu Malamati hivi: "Mke mwenzangu, umeamkaje?" Naye Malamati alimjibu, "Salama, mke mkubwa." Vijana walidhani ni utani. Kwa upande mmoja haukuwa utani.

Mwezi Juni 2022 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Aliambiwa ukweli, naye aliupokea wima. Mavuno ya mwaka huo, tarehe 2 Oktoba, mikono yake haikuweza tena kushika mkasi. Aliomba apelekwe shambani, akakalia kreti iliyopinduliwa mwishoni mwa mstari wa mumewe. Kwa mara ya kwanza aliwatazama mumewe na Malamati mchana kutwa bila majani kumzuia. Saa ya chakula, wakati Stergios amekwenda kuleta maji, alimuuliza Malamati alilokuwa akitaka kuliuliza tangu 1974.

"Niambie sasa, maana nakufa. Mlikuwa mnaongea nini?"

Malamati alifuta mikono kwenye aproni. "Kiuno."

"Kiuno gani?"

"Chake na changu. Kinamvuta upande wa kulia, kinashuka mguuni. Tangu yuko jeshini. Mimi changu ni katikati. Basi tunaulizana, tunacheka."

"Miaka yote hiyo?"

"Kiuno hakina likizo, dada."

Mtu mwingine angepumua kwa nafuu. Marehemu alikasirika kuliko siku zote. Aliniambia mwenyewe: "Kama angemshika mkono, ningemsamehe siku moja. Lakini mimi miaka hamsini na mmoja namfulia, namlalia ubavuni, hajaniambia kwamba anaumwa. Amempa yeye." Nimefundisha maadili shuleni miaka ishirini na sita, na bado sioni kwamba wivu ule ulikuwa dhambi.

Kesho yake asubuhi alimwambia mumewe:

"Kiuno kinakuuma tangu lini?"

"Kiuno gani tena?"

"Usinijibu kiuno gani. Kile cha Malamati."

Stergios alijishika kiuno. "Sikutaka kukusumbua, mama Nikitas. Ulikuwa na kiwanda, ulikuwa na watoto."

"Nisumbue," akasema.

Ikawa hivyo. Alipolazwa hospitali ya Veria tarehe 4 Januari, Stergios alikuja kila siku na basi la saa mbili, akaketi kando ya kitanda na kulalamika. Alianza na kiuno, akaenda begani, kisha meno, kisha hofu aliyokuwa nayo jeshini ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata Malamati. Marehemu aliuliza hilo mara mbili, kuhakikisha. Muuguzi alimwonya mzee asimchoshe mgonjwa. Mgonjwa alimwambia muuguzi aende zake.

Agoritsa alifariki jana, Alhamisi tarehe 19 Januari 2023, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Malalamiko ya mumewe yalikuwa yamefika kwenye goti la kushoto.

Ameacha mume, Stergios, mtoto wa kiume, Nikitas, na mkewe Zoi, binti, Velika, wajukuu watatu, Agoritsa, Thanasis na Rallou, dada yake Sultana na kaka yake Yorgis, wapwa kumi na wawili, na binamu wa Ujerumani ambao hakuwahi kuwaona. Wa mwisho kabisa, baada ya hao binamu, na kwa maagizo yake mwenyewe kuhusu nafasi hiyo, ameacha Malamati Dafka.

Bwana ampe pumziko, na amani aliyokuwa akiitafuta.