Miaka Thelathini na Mitano ya Kuuliza Nani Alisema

Siku ya Jumanne, tarehe 2 Julai 2019, Mama Kavuo Joséphine-Marie, mwalimu wa darasa la sita katika Shule ya Msingi Mapendano ya Nyamitaba, atasoma alama za mwisho wa mwaka, atafunga kabati lake na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano ya utumishi: ishirini na miwili Walikale, kumi na mitatu hapa Masisi. Katika miaka hiyo vita vilizifunga shule zake mara saba. Mara saba zilifunguliwa tena, na kila mara yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushika ufagio.

Desturi ya jarida letu ni kuandika kwamba mstaafu hakukosa kazi hata siku moja. Mama Kavuo ameomba tusiandike hivyo, kwa kuwa si kweli. Alikosa siku nyingi ambazo barabara ilikuwa na risasi, na siku moja ya mwaka 1991 alikosa kwa sababu alilala mno. Ameomba hiyo nayo iandikwe.

Alizaliwa Butembo mwaka 1962. Baba yake, Papa Léonard, alikuwa mfanyabiashara aliyefungua duka la chumvi, sabuni na vitenge Walikale, naye alitaka binti yake asimame nyuma ya meza ya duka. Binti alipochagua chaki, Papa Léonard aliwaambia wateja kwamba ualimu ni kazi ya watu wasiojua kupima sukari. Hata hivyo, ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya kazi.

Tangu mwaka wake wa kwanza hapa Nyamitaba alileta darasani utaratibu ambao wengi wetu tuliucheka. Wanafunzi wetu wamezoea kujibu kwa pamoja. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima huitikia, "Ndiyo, Madame," na asiyeelewa huitikia kwa nguvu kuliko wote. Mama Kavuo aliupiga marufuku mwitikio huo. Kila mtoto aliandika jibu lake kwenye ardwazi, yaani kile kibao cheusi cha mkononi, akakilaza kifudifudi na kungoja. Mwalimu alipopiga kofi moja, vibao vyote viliinuliwa kwa pamoja, na hapakuwa na nafasi ya kuchungulia cha jirani. Mkaguzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba darasa hilo lina ukimya usio wa kawaida. Matokeo nayo hayakuwa ya kawaida: katika mitihani kumi na mmoja ya taifa, wanafunzi wake 318 kati ya 341 walifaulu.

Mwaka 2004, alipokuwa bado Walikale, darasa lake la watoto arobaini na mmoja lilibaki na watoto tisa katika muda wa wiki tatu. Wengine wote walikuwa wamekwenda Bisie, kwenye mgodi wa kasiterite, madini ya bati. Mama Kavuo alitembea msituni siku mbili pamoja na mama wawili wa wanafunzi hao. Huko aliwakuta kumi na tisa wakibeba mizigo inayowazidi. Hakuwagombeza. Alimwita kila mmoja kando na kumwuliza kwa nini alikuja. Wa kwanza alisema kwa Kiswahili cha kwetu, "Madame, bengine bote balikuwa bameenda. Ningebaki na nani?" Wa pili alisema hivyo hivyo, na wa tatu, hadi wa kumi na tisa. Alipouliza nani alitangulia, hakuna aliyejua. Kumi na mmoja walirudi naye. Yeye husema kwamba katika safari ile ya kurudi alianza kufikiria hadithi ambayo baadaye ilimfanya ajulikane katika vilima vyetu.

Aliiandika mwaka 2008, tulipokuwa tumekimbilia kambini karibu na Kitchanga. Vitabu vya shule vilikuwa vimechomwa na watu waliokosa kuni za kupikia, na watoto hawakuwa na cha kusoma. Aliandika kwa penseli nyuma ya kurasa za rejista ya zamani ya mahudhurio, akawasomea watoto wa darasa la sita kila Ijumaa.

Hadithi hiyo ni ya mji wa miaka ijayo. Kila asubuhi kengele hulia, na kila mkazi humtazama jirani wa kuume ili ajue avae uso gani siku hiyo, wa furaha au wa hasira. Nguo zote ni za rangi moja. Hakuna anayeruhusiwa kupika chakula ambacho jirani hakupika. Inasemekana kwamba amri hizo hutoka katika jumba lililo juu ya mlima, anamoishi Mkuu ambaye hajaonekana na mtu yeyote. Siku moja mjane anamfuata mbuzi wake aliyekata kamba, na mbuzi anaingia ndani ya jumba. Mjane anakuta vumbi, kinyesi cha popo na kiti kilichooza. Hakuna mtu, wala hapakuwa na mtu kwa miaka arobaini. Anateremka mbio na kuwaambia wenzake. Nao wanamjibu, "Nyamaza, mama, atakusikia."

Baada ya kusoma, aliwauliza watoto mji huo wameuona wapi. Majibu yaliandikwa kwenye vibao, na baadhi yake bado yanasimuliwa. Mmoja aliandika, "Kwetu, baba akikohoa." Mwingine aliandika, "Kambini," akaeleza kwamba watu wa mashirika walipokuja na fomu zao, kambi nzima ilijibu kwamba haijaonja chumvi kwa majuma matatu, kwa kuwa ilisikika kwamba jibu hilo huleta mahema. Hata muuza chumvi alijibu hivyo. Mtoto wa tatu aliandika neno moja tu: "Hapa." Huyo alipata alama zote.

Watu wazima walikuwa wazito wa kuelewa kuliko watoto. Kila upande wa vita uliamini kwamba hadithi inausema upande wa pili, na wengi walimpongeza kwa ushujaa wa kuwasema wenye bunduki. Yeye hakuikubali sifa hiyo. Aliwaambia, "Bunduki naijua. Mimi naandika juu ya siku bunduki haiko, na bado tunainama."

Hadithi hiyo haikuzeeka. Mwaka jana ujumbe uliingia katika simu zetu ukisema kwamba asiyesukutua kwa maji ya chumvi kabla ya jua kuchomoza atapata ugonjwa. Kufikia saa mbili asubuhi chumvi ilikuwa imekwisha katika maduka yote ya Nyamitaba. Katika chumba cha walimu tulikuwa wanne wenye pakiti za chumvi mikobani, sote tuna diploma. Mama Kavuo alimwuliza mmoja wetu nani alisema. Alijibu kwamba ametumiwa. Na aliyemtumia? Naye alitumiwa. Mama Kavuo alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa ile jumba ya mulima imeingia mu mufuko," alisema, kisha akaomba apewe kijiko kimoja cha chumvi hiyo kwa ajili ya maharage yake.

Jambo la mwaka 2012 nimeliweka mwisho, ingawa kwa mpangilio wa miaka lilipaswa kutangulia.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo watu waliuawa katika vijiji vilivyotuzunguka kwa sababu ya lugha wanayozungumza nyumbani. Mwalimu wa darasa la tano, Nzabonimpa, ni mtoto wa wafugaji wa Burungu na nyumbani kwake huzungumzwa Kinyarwanda. Alikuwa amekwenda Burungu kwa siku tatu kumwuguza mama yake. Katika siku hizo ilionekana karatasi juu ya meza ya direkta, yaani mkuu wa shule. Iliandikwa kwamba, kwa usalama wa shule, mwalimu Nzabonimpa aondoke Nyamitaba pamoja na familia yake, na chini yake paliachwa nafasi ya sahihi. Kuondoka maana yake ilikuwa yeye, mke wake Mukankusi na watoto wao wanne kushika barabara ya Sake, na mwezi ule si wote walioishika barabara hiyo waliofika. Tulikuwa walimu kumi na watatu, bila yeye. Siku ya pili tisa walikuwa wametia sahihi.

Mama Kavuo aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, kisha akamwuliza direkta wetu, Papa Hilaire, nani alisema.

"Ni komite ya bazazi, nafikiri," alijibu Hilaire.

"Nani alikuambia ni komite?"

"Karatasi niliikuta tu apa."

Mama Kavuo aligeukia benchi letu na kutuuliza mmoja mmoja. Mmoja alisema kwamba alikuta wenzake watano wamekwisha kutia sahihi. Mwingine alisema kwamba aliwaona saba. Wa tatu alikasirika: "Mama Kavuo, utatuletea mambo. Banasema ni bakubwa banataka."

"Bakubwa gani? Sema jina moja."

 Mama Kavuo alitoka, akarudi kutoka darasani kwake na vibao kumi na vitatu na kipande cha chaki kwa kila mtu. Alituagiza tuandike neno moja, "abaki" au "aende", tuvilaze kifudifudi na tusitie majina. Mmoja alinong'ona kwamba ametuona kama watoto. "Batoto beko na akili kuliko ninyi leo," alijibu, akapiga kofi, akavikusanya na kuvigeuza mwenyewe.

Vibao kumi na kimoja vilisema abaki. Viwili vilisema aende.

Sahihi zilikuwa tisa, na kila mmoja wetu alijua hesabu ya kutoa. Papa Hilaire alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kuvihesabu vibao mara ya pili. Mama Kavuo alivipanga katika beseni, akaliweka kichwani, akachukua na ile karatasi, akaenda nyumbani kwa Papa Athanase, mwenyekiti wa komite ya wazazi. Mzee huyo alitazama kibao kimoja kimoja. Kisha alisema, "Mimi nilizani ni ninyi balimu mumeomba. Nikasema, kama balimu beko na woga, sisi ni banani?" Alikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mpaka leo hajapatikana mtu aliyeiagiza.

Majuma matatu baadaye watu wenye silaha walifika shuleni na kuuliza ni lugha gani inazungumzwa na kila mwalimu. Papa Hilaire aliwajibu kwamba shuleni tunazungumza Kifaransa na Kiswahili, na kwamba Kiswahili bado tunajifunza. Walitutazama sote tuliosimama uani, tukiwa kumi na wanne. Hakuna aliyenyoosha kidole. Walichukua kuku wawili wa direkta wakaenda zao, na Nzabonimpa akarudi darasani kumaliza somo la hesabu za sehemu.

Kabla ya hapo, aliporudi kutoka Burungu na kuelezwa yaliyotokea, Nzabonimpa aliomba aonyeshwe vibao. Mama Kavuo alimjibu, "Nimeshafuta. Kesho batoto beko na hesabu." Hakumwambia mtu ni mikono gani miwili iliyoandika aende, na aliyejaribu kubahatisha mbele yake alinyamazishwa. Alitaka tuweze kuendelea kuishi pamoja, nasi tumeendelea. Hilo ndilo ninaloliona kuwa fahari ya shule hii, kuliko zile alama za mitihani ambazo nimezitaja kwa majivuno hapo juu.

Imenilazimu kuandika jambo moja zaidi, kwa kuwa wasifu unaoficha ukweli hauwezi kumfaa mwalimu huyu. Kibao changu kilisema abaki. Lakini siku iliyotangulia nilikuwa wa tatu kutia sahihi katika ile karatasi, kwa kalamu yangu mwenyewe, wala hakuna aliyenishika mkono. Niliona majina mawili na nikaongeza la tatu, na waliokuja baada yangu waliona matatu. Juma lililopita nilimwendea mwalimu Nzabonimpa, nikamwomba radhi na ruhusa ya kulichapa jambo hili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, "Papa Athanase alinionyesha ile karatasi zamani, juma lile lile. Mwandiko wako nani hapa asiujue?" Kwa miaka saba ameketi nami benchi moja, tumegawana mihogo saa nne, naye alijua. Nilimwuliza kwa nini hakusema neno. Alijibu kwamba alikuwa akiningoja niseme mwenyewe.

Kuanzia Septemba, mwalimu Nzabonimpa atashika darasa la sita. Mama Kavuo amependekeza hivyo, na walimu wameafiki. Wawili walipinga kwa sauti, wakatoa sababu zao mbele ya Nzabonimpa mwenyewe, wakasikilizwa. Mama Kavuo alifurahi kwa ajili ya hao wawili kuliko kwa ajili yetu sisi tulioafiki.

Yeye hatarudi Butembo. Amekwisha kulima shamba lake chini ya kilima, na amesema kwamba asiyemtembelea asije kumlilia.

Mama Kavuo, walimu, wazazi na wanafunzi wa Mapendano wanakushukuru, na mimi nakushukuru kwa jina langu, kabla sijatazama nani mwingine ameandika. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, mvua ya kutosha kwa maharage yako, usingizi usiokatizwa na milio ya bunduki, na majirani watakaokuambia umekosea, siku utakapokosea.

Apollinaire, mwalimu wa darasa la nne