Gasketi Saba za Mzee Chaki

Waombolezaji wapendwa, wachungaji, majirani wa Rangwe na wageni mliotoka Migori na Awendo, kabla familia haijawasomea maisha ya Mzee Kleopa Obare Omanga, mjue kwamba marehemu aliagiza, mbele ya mashahidi, asishushwe kaburini kabla jina la Mahmud Noor, mwuza spea wa Migori aliyeketi pale mbele, halijasafishwa kwa sauti, maana aliyelichafua ni yeye mwenyewe.

Mzee Omanga alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 hapa Rangwe, mtoto wa tatu kati ya wanane, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1967, akajifunza umakanika Homa Bay, na kuanzia tarehe 3 Machi 1980 hadi alipostaafu mwaka 2006 alitengeneza malori ya miwa Awendo. Mwaka 1988 aliuziwa injini ya wizi bila kujua, akalala seli siku tatu, na kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, tangu hapo hakugusa injini kuukuu kabla ya kuisugua namba yake kwa chaki, aifute kwa kidole, atazame kila tarakimu kama imepigwa nyundo mara ya pili, na ndipo tukamwita Mzee Chaki. Jamani, hata sahani ya ugali aliigeuza akatazama chini.

Tarehe 18 Disemba 1976 alimwoa Zilpah Akoth wa Awendo, wakajaliwa Emmaculate na Bravin. Mwaka 1994 alinunua Peugeot 504 nyeupe ya mwaka 1974, akaipenda hata Mama Zilpah akasema hilo gari ndilo mke mkubwa, na injini yake ilipokufa mwaka 2015 akamwahidi Mama kwamba ataweka nyingine, ampeleke kwao kwa heshima.

Tarehe 9 Aprili 2016 alimpigia simu Mahmud, akaagiza injini ya 504 na gasketi yake, na baada ya siku nane injini ikafika, nayo ina bahasha ya karatasi, na gasketi za kawaida saba. Saba! Mzee akashuku palepale, kwamba mtu hakupi gasketi saba bure ila anajua injini inazila, na bahasha akakataa kuifungua, akisema anayekuletea karatasi kabla hujaziomba ana la kuficha. Akaipaka chaki, akaona tarakimu moja imefifia, akatangaza kwamba namba imekunwa na injini ni ya wizi.

Mahmud alikuja mwenyewe hadi Rangwe kumweleza kwamba Mzee mwenyewe aliagiza saba na saba ndizo alizoletewa, na Mzee akamjibu kwa hasira kwamba ndiyo, aliagiza saba, na hakuletewa hata moja, sote tukasimama pale tukijiuliza ni nani kati yao amerukwa na akili. Baada ya hapo Mzee alilisema jambo hilo kanisani, sokoni na kwa makanika wote hadi Osiri, watu wakamwita Mahmud mwizi, mkewe Shamima akawa anazomewa njiani, na duka lao la pili, lile la Awendo, likafungwa mwaka 2018. Injini ikabaki chini ya turubai, na Mama Zilpah alipofariki tarehe 12 Agosti 2019 alikuwa hajapelekwa kwao, akaletwa hapa kwa pikapu ya kukodi huku gari lake limesimama uani bila injini, jambo lililomuuma Mzee mpaka mwisho.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akalazwa Homa Bay, na tarehe 6 Februari, akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili uovu wa Mahmud, nesi Sumayya, mzaliwa wa Pwani, akamwuliza gasketi ya saba ni ipi, na zile sita za kwanza zilikuwa na kasoro gani. Mzee akafoka kwamba ni saba, yale madini mekundu ya waya wa stima, nesi akacheka akasema, kumbe ni shaba. Ndugu zangu, ulimi wetu sisi wa huku mnaujua. Jioni ile ile Mzee akaomba aletewe ile bahasha, na ndani mlikuwa na nakala ya logibuku, hati ya umiliki wa gari la mwalimu mstaafu wa Awendo, aliyekuwa mwenye injini.

Mahmud alipopigiwa simu alikuja wodini siku ya pili, akamsamehe kabla hajamaliza kuomba, lakini Mzee alisema uongo wa sokoni haufutwi chumbani. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Bravin aliosha namba kwa petroli, na ile tarakimu iliyofifia ikaonekana ni kutu tu, namba ikalingana na logibuku. Tarehe 23 Machi injini ilifungwa kwa gasketi ya shaba aliyoileta Mahmud, Mzee kwenye kiti ameegemeza bisibisi kwenye bloku na mpini wake sikioni, akimwelekeza Bravin akaze skrubu ya kabureta kidogo, alegeze kidogo, mpaka mlio ukatulia, akaamuru gari lisogezwe kando ya kaburi la Mama liungurume pale, akalia bila kujificha.

Alituacha tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Familia inawashukuru madaktari, nesi Sumayya, majirani waliokesha nasi, wenzake wa malori, na Mahmud, ambaye injini yake ndiyo iliyomleta Mzee leo kutoka mochari ya Homa Bay bila kuzimika hata mara moja. Mahmud Noor si mwizi, hakuwahi kuwa, na aliyewaambia hivyo amelala hapa akiomba msamaha. Amani iwe nawe sasa, Mzee Chaki, pumzika, neno lako tumelifanyia mazoezi wiki nzima, na tunalisema sawasawa: shaba.